Maswali ya wasomaji: Mashine inaandika msimbo, foleni imehamia kwa mkaguzi

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watu waliopewa timu ya kuongoza na, papo hapo, leseni za akili mnemba (AI) za kugawa. Tumechagua sita. Majina tumeyaacha, kazi na mji tumebakiza. Wanaojibu ni wahandisi wa safu hii.

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Ninaongoza wahandisi saba kwenye mfumo wa malipo. Tangu kila mmoja apewe wakala, yaani programu ya AI inayoandika msimbo yenyewe, maombi ya kuunganisha mabadiliko kwenye msimbo mkuu, yaani PR, yamepanda kutoka kama kumi na mbili kwa wiki hadi thelathini. Wanaoujua mfumo vizuri ni wawili tu. PR inakaa siku nne bila kuguswa, na juzi mmoja wa wakaguzi kaniambia wazi kwamba siku hizi anakubali bila kusoma. Niajiri mkaguzi wa tatu? *Kiongozi wa timu, Dar es Salaam*

JIBU: Usianzie hapo. Mkaguzi mgeni atahitaji miezi kuujua mfumo, na akishaujua foleni itakuwa inamsubiri. Kuandika kumekuwa rahisi, kuelewa kumebaki na gharama yake ileile. Zamani aliyekuletea mistari 600 alikuwa ameisotea siku tatu, na uchovu wake ndio uliokuwa breki ya timu nzima. Breki hiyo imekatika. Funga nyingine, kwa makusudi.

Ya kwanza ni kikomo cha PR zilizo wazi: mbili kwa kila mtu. Mwenye mbili hafungui ya tatu, anakwenda kukagua ya mwenzake. Wiki ya kwanza watalalamika kwamba unawachelewesha. Waache walalamike.

Ya pili ni ukubwa. Mistari 300 ya mabadiliko, bila kuhesabu mafaili yanayozalishwa na zana. Namba hii haikutoka hewani: utafiti wa kampuni ya zana za programu SmartBear uliofanyika ndani ya kampuni ya Cisco na kutolewa 2006 ulionyesha kuwa mkaguzi akishapita mistari 200 hadi 400 kwa kikao, makosa anayoyaona yanapungua. Jicho la binadamu halijapata toleo jipya tangu wakati huo.

Ya tatu ni maelezo ya PR. Yaandikwe na binadamu, sentensi tatu: kinachobadilika na kwa nini, kinaweza kuharibikaje, na tutakirudishaje nyuma kikiharibika. Maelezo ya wakala huwa marefu, yana vichwa vya habari na alama za vema, na yanasimulia upya msimbo ambao mkaguzi anauona mbele yake. Aliyefungua PR awe ameisoma yote mwenyewe kabla ya kumwita mtu. Akiulizwa mstari wowote akajibu "hiyo iliandikwa na AI," PR inarudi bila mjadala.

Kisha zigawe PR kwa hatari yake. Maandishi ya kwenye skrini, rangi, zana za ndani: mkaguzi yeyote mmoja, ukaguzi wa dakika kumi. Pesa, kuingia kwenye akaunti, ruhusa za watumiaji na mabadiliko ya muundo wa hifadhidata: watu wawili, mmoja wao awe kati ya wale wawili wako. Ukihifadhi msimbo GitHub, faili la CODEOWNERS linalotaja nani anamiliki sehemu ipi, pamoja na ulinzi wa tawi kuu (nakala rasmi ya msimbo), vitalazimisha hilo bila wewe kumkumbusha mtu. Na mtu wa pili kwenye PR za hatari asiwe yuleyule kila siku. Zungusha wale watano waliobaki. Mkaguzi wa tatu unayemtafuta yumo humo ndani.

Ukaguzi wa mashine nao uruhusu, utangulie ule wa binadamu. Unakamata thamani tupu zisizotarajiwa, majina yaliyokosewa, mafaili yaliyoachwa wazi. Usitarajie ukamate dhana mbovu.

Tuoneshe tunachomaanisha. Chukua sehemu inayopokea taarifa kutoka mtandao wa simu kwamba mteja amelipa. Mwambie wakala aandike, atakuletea mistari kama arobaini iliyonyooka: pokea ujumbe, soma namba ya muamala na kiasi, tafuta kama namba hiyo imeshahifadhiwa, kama haipo ongeza salio, hifadhi, jibu "sawa." Inasomeka vizuri kuliko ambavyo wengi wetu tungeandika. Shida iko kati ya "tafuta" na "hifadhi." Mtandao usipopata jibu kwa wakati huweza kutuma taarifa ileile tena. Nakala mbili zikiingia sambamba, kila moja inatafuta, kila moja haioni kitu, na mteja aliyelipa shilingi 50,000 anajikuta na salio la 100,000. Dawa yake ni sharti la upekee kwenye safu ya namba ya muamala, yaani namba moja isiingie mara mbili, ndani ya hifadhidata yenyewe. Unaanza kwa kuingiza namba, ndipo unaongeza salio, vyote ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata: vifanikiwe vyote au vifutwe vyote. Namba ikigoma kuingia kwa sababu ipo tayari, unajibu "sawa" bila kugusa salio.

Sasa angalia majaribio aliyoyaandika wakala yuleyule. Anatuma taarifa moja, anahakiki salio. Anatuma ya pili baada ya ya kwanza kumalizika, anahakiki kwamba salio halikuongezeka. Yote kijani, yamefaulu. Jaribio linalouma ni la kutuma taarifa ileile mara 20 kwa mpigo na kudai salio lipande mara moja tu, tena kwenye hifadhidata ya aina ileile mnayotumia hewani, yaani kwenye mfumo wanaoutumia wateja, siyo ile nyepesi ya kwenye kompyuta ya mwandishi. Kwa PR za pesa, binadamu aorodheshe majaribio ya namna hii kabla msimbo haujaanza kuandikwa. Ukimwachia mtahiniwa atunge mtihani wake mwenyewe, atafaulu.

Pima kitu kimoja: saa ambazo PR inasubiri hadi mtu aiguse mara ya kwanza. Siku nne ikishuka hadi nusu siku ya kazi, umevuka.

SWALI: Hamjambo. Bosi wetu amesoma mahali kwamba AI huongeza kasi ya wahandisi maradufu. Anataka kila mwezi nimpe asilimia ya msimbo ulioandikwa na AI, na ameanza kuuliza kama timu ya kumi inaweza kuwa ya sita. Nimjibu vipi bila kuonekana napinga maendeleo? *Meneja wa uhandisi, Nairobi*

JIBU: Mpe takwimu mbili kwa pamoja, maana inaelekea amesikia moja tu. Jaribio lililochapishwa 2023 liliwapa waandishi programu 95 kazi ya kuandika seva ndogo ya HTTP kwa JavaScript. Waliokuwa na GitHub Copilot, msaidizi wa AI wa kuandika msimbo, walimaliza kwa muda pungufu wa asilimia 55.8. Julai 2025 shirika la utafiti la METR likatoa lake: wahandisi 16 wazoefu, kazi halisi 246, kwenye miradi ya chanzo huria waliyoizoea kwa miaka. Waliporuhusiwa kutumia AI walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19.

Zote mbili zinaweza kuwa kweli. Ya kwanza ni kazi ndogo, mpya, isiyo na historia. Ya pili ni nyumba kubwa ya zamani ambayo kanuni zake nyingi zimo vichwani mwa watu. Mwulize bosi mfumo wenu unafanana na upi. Tena usimchukulie hiyo 19 kama sheria, kwa sababu zana zilizopimwa zilikuwa za mwanzoni mwa 2025 na zimebadilika tangu hapo. La kushika ni hili: wahandisi hao kabla ya kuanza walitarajia kuokoa asilimia 24 ya muda, na baada ya kumaliza bado waliamini wameokoa asilimia 20. Saa ilisema vingine. Kwa hiyo ukiwauliza watu wako "mnajionaje, mna kasi?" jibu utakalopata halifai kupangia bajeti.

Halafu mfanyie hesabu kwenye karatasi moja. Chukua mhandisi wa saa 40 kwa wiki ambaye saa 12 ndizo anazoandika msimbo. Zilizobaki ni mikutano, kuuliza maana ya mahitaji, kukagua, kutafuta hitilafu, kusubiri. Kasi ya kuandika ikiongezeka maradufu, ameokoa saa 6, yaani asilimia 15. Saa 3 kati ya hizo zikienda kukagua mafuriko ya PR za wenzake, zimebaki 3. Jaza saa halisi za timu yenu uone zinatoa nini. Kumi kuwa sita hapo haitoki.

Asilimia ya msimbo ulioandikwa na AI usikubali iwe kipimo. Ukiipima itapanda, kwa sababu kuipandisha ni rahisi: watu watakubali mapendekezo kisha wayafute. Mpe badala yake vipimo vinne: muda kutoka komiti ya kwanza (mabadiliko yanapohifadhiwa mara ya kwanza) hadi mabadiliko yawe hewani, sehemu ya matoleo yaliyoleta hitilafu au kurudishwa nyuma, muda wa kurejesha huduma ikianguka, na kiasi cha msimbo kilichoandikwa upya ndani ya siku 30 tangu kiunganishwe. Vitatu vya kwanza ni vya familia ya DORA, watafiti wa Google wanaopima utoaji wa programu, na bosi wako anaweza kuvitafutia ushahidi mwenyewe. Ripoti yao ya 2024 ilikadiria kuwa matumizi ya AI yakipanda kwa asilimia 25, uthabiti wa matoleo hushuka kwa asilimia 7.2. Watafiti walihisi sababu ni mabadiliko kuwa makubwa mno kwa mpigo. Kusanya wiki nane za nyuma kabla ya kubadilisha chochote. Bila hizo hutakuwa na cha kulinganishia.

Kuhusu watu sita, mwulize swali moja tu: simu ikilia saa nane usiku kwamba malipo yamesimama, zamu itazungukaje kwa watu hao, na nani kati yao ameshaisoma sehemu iliyovunjika?

SWALI: Wakala alituwekea maktaba ya Python, yaani msimbo tayari wa watu wengine, ambayo haikuwepo kabisa. Tukacheka, tukaifuta. Kuna hatari zaidi ya kicheko? *Mhandisi, Mombasa*

JIBU: Ipo, na siyo ndogo. Utafiti uliowasilishwa 2025 ulichunguza vipande 576,000 vya msimbo kutoka modeli 16 za AI, ukakuta karibu asilimia 20 ya maktaba zilizopendekezwa hazipo duniani. Baya zaidi, majina mengi ya uongo yalijirudia modeli ilipoulizwa swali lilelile tena. Mhalifu anachofanya ni kulisajili jina hilo kwenye PyPI au npm, hazina za wazi za maktaba za Python na JavaScript, kuweka msimbo wake humo, na kusubiri. Mara ya pili ninyi hamtacheka, kwa sababu maktaba itapatikana na itajisakinisha.

Wakala asiwe na ruhusa ya kuongeza maktaba peke yake. Mpya yoyote iwe na PR yake, mtu afungue ukurasa wake na kuangalia umri, watunzaji na historia ya matoleo. Kwenye seva ya ujenzi tumia `npm ci`, au kwa Python `pip install --require-hashes`, ili kisakinishwe kile tu kilichokwisha kuandikwa kwenye faili la kufungia matoleo.

SWALI: Shikamooni. Nina vijana watatu waliotoka chuo mwaka jana. Kazi wanamaliza haraka mno, ila ukimwuliza kijana kwa nini ameandika hivi, anakodoa macho. Mwenzangu anasema tuwafungie AI mwaka mzima. Mwingine anasema tuache kabisa kuajiri wanaoanza. *Mkuu wa kitengo cha mifumo, Dodoma*

JIBU: Marahaba. Kuwafungia hakufanyi kazi. Wataitumia kwenye simu zao, na hapo utakuwa umepoteza hata nafasi ya kuona wanavyoitumia. Kuacha kuajiri ni kuamua leo kwamba baada ya miaka mitano hutakuwa na mkongwe, labda umnunue kwa mwenzako. Tofauti iwe kwenye kazi wanazopewa, na kwa zamu gani mashine inaingia.

Mwezi wa kwanza, AI iwe mwalimu wa kusoma, siyo mwandishi. Kijana achukue njia moja ya mfumo, kwa mfano ombi la mtumiaji kuanzia kitufe hadi hifadhidata, aichore kwenye karatasi, aulize mashine asichoelewa, kisha akueleze wewe ubaoni bila kompyuta. Dakika 20 zinatosha. Utashangaa ni mara ngapi mchoro una mshale usiokwenda popote.

Kuanzia mwezi wa pili, hitilafu kabla ya vipengele vipya. Mkongwe atengeneze tawi lenye makosa matatu aliyoyapanda, kijana ayatafute kwa kumbukumbu za seva (rekodi za matukio yake) na kitatuzi, zana ya kufuatilia msimbo hatua kwa hatua, tu. Akishaandika anachodhani ndicho chanzo, ndipo aruhusiwe kuiuliza mashine na kulinganisha. Mpangilio huo ndio dawa yenyewe. Akiuliza kwanza, dhana ya mashine inakuwa dhana yake na hawezi tena kuona kingine.

Baadaye anaandika majaribio kwa mkono na kumwachia wakala msimbo. Wengi hufanya kinyume, kwa kuwa majaribio yanachosha. Lakini anayeandika jaribio analazimika kusema mfumo unapaswa kufanya nini, na hilo ndilo somo lenyewe. Miezi sita ikiisha, mweke kwenye zamu ya usiku pamoja na mkongwe.

Usaili nao ubadilishe. Mazoezi ya kuandika msimbo nyumbani hayapimi kitu tena. Mpe mwombaji mistari 150 iliyoandikwa na mashine, na saa moja, akuambie kasoro. Sisi tungeweka hizi: namba za simu zinazohifadhiwa mara kwa 07, mara kwa 2557, mara kwa +2557, hivyo mteja mmoja anakuwa watatu, kiasi cha pesa kilichowekwa kwenye aina ya desimali inayoelea, ambayo hukadiria senti, kosa linalokamatwa na kumezwa kimya, hoja ya hifadhidata ndani ya kitanzi, yaani inayorudiwa kwa kila mteja, inayokimbia vizuri kwa wateja 10 na kukwama kwa 10,000. Ya tano ndiyo inayowapata hata wakongwe: ripoti ya mauzo ya siku inayokatwa kwa saa ya UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Seva inadhani siku mpya imeanza pale ambapo kwetu ni saa tisa usiku, kwa hiyo mauzo yote ya kuanzia saa sita hadi saa tisa usiku yanaangukia jana. Jumla ya mwezi karibu inalingana, kila siku haifanani na kitabu cha mhasibu. Mwombaji akiiona hiyo bila kudokezwa, mwajiri.

SWALI: Timu yangu hunakili kumbukumbu za seva na kuzibandika kwenye gumzo la AI wanapotafuta hitilafu. Ndani yake mna majina na namba za simu za wateja. Pia wanataka wakala afikie hifadhidata moja kwa moja. Niweke mpaka wapi? *Kiongozi wa timu, Zanzibar*

JIBU: Mpaka wa kwanza ni wa sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019, na zote mbili zinaweka masharti ya kupeleka taarifa binafsi nje ya nchi. Gumzo la AI kwa kawaida liko kwenye seva za nje. Kubandika ni kupeleka. Mweleze hivyo mwanasheria wenu kabla hajaelezwa na mwingine.

Kiutendaji: funga matumizi ya akaunti binafsi, nunua za kampuni zenye mkataba unaosema data yenu haitumiki kufundishia modeli. Andika programu ndogo ya kuficha majina, simu, barua pepe na tokeni za kuingilia, na iwekwe pale kumbukumbu zinapoandikwa, siyo pale zinaponakiliwa. Ukimwachia mtu afiche kwa mkono wakati mfumo umeanguka, atasahau, na hatakuwa na kosa.

Wakala afanye kazi ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa), kwenye nakala ya msimbo, akiwa na hifadhidata ya mfano yenye data ya kubuni. Nywila za mfumo hai zisiwepo kwenye kompyuta hiyo kabisa. Kumwandikia "usiguse mfumo hai" kwenye maelekezo hakutoshi. Maelekezo ni ombi, ruhusa ndiyo ukuta. Kuna pia hila inayosahaulika: wakala anayesoma tiketi za wateja, yaani maombi yao ya msaada, anaweza kukuta ndani ya tiketi maandishi yanayomwamuru atume siri mahali fulani, naye akatii. Kwa hiyo anayesoma maandishi ya watu wa nje asiwe na siri mkononi na njia ya kutoka kwenye intaneti kwa wakati mmoja. Kati ya maandishi ya nje, siri na njia ya kutoka, kimoja kiondoe.

Kama kuna ufunguo wa API (nywila inayotumiwa na programu) umeshabandikwa kwenye gumzo, ubadilishe leo. Kufuta gumzo hakusaidii.

SWALI: Bili ya wakala imetumalizia bajeti ya robo mwaka kwa wiki tano. Tunakosea wapi? *Mwanzilishi wa kampuni changa, Kampala*

JIBU: Inawezekana mnaacha kikao kimoja wazi kutwa. Kila mnapotuma ujumbe mpya, mazungumzo yote yaliyotangulia hutumwa tena kwenye modeli, pamoja na kila faili alilolisoma. Hata pale mtoa huduma anapopunguza bei ya sehemu zilizorudiwa, jioni "asante, sasa badilisha rangi" inabeba mzigo wa siku nzima. Kazi moja, kikao kimoja, kisha funga. Weka kanuni za mradi kwenye faili fupi la maelekezo ya wakala kama AGENTS.md, chini ya ukurasa mmoja, ili asiupekue upya mradi mzima kila asubuhi. Modeli kubwa ipange, ndogo itekeleze. Wekeni kikomo cha matumizi kwa kila ufunguo, siyo kwa kampuni nzima, mjue ni mradi upi unaokula.

Na kama mnaandika maelekezo kwa Kiswahili, endeleeni, modeli kubwa zinakielewa. Mjue tu kwamba maneno yetu marefu ya aina ya "watakapotuambia" hukatwa vipande vingi kuliko maneno ya Kiingereza, na bili huhesabiwa kwa vipande. Faili la kanuni linalosomwa mara mia kwa siku ndilo la kufupisha kwanza.